Gari linakula mafuta kuliko hesabu: utatuzi kuanzia kwenye kalamu hadi kwenye injini

Malalamiko ya mafuta huanza kwa maneno yaleyale, awe ni mwenye matatu moja mjini Kampala au karani wa malori yanayotoka Malaba kwenda Gulu: mafuta hayatoshi. Baada ya hapo lawama hutafuta wa kumwangukia, na mara nyingi humwangukia dereva, kisha kituo cha mafuta, kisha fundi. Mwongozo huu unafuata mpangilio mwingine kwa makusudi. Kwanza tunakagua hesabu, kwa sababu kuikagua hakugharimu kitu, pili vipimo vyenyewe, yaani odometa, geji, pampu na kijiti cha tangi, tatu gari, na mtu huja mwisho kabisa, kwa kuwa dereva aliyefukuzwa kwa wizi ambao haukutokea harudishiwi jina lake kwa urahisi, hata kosa la hesabu likigunduliwa baadaye.

Kipimo cha msingi ambacho dalili zote zinakitegemea ni hiki. Jaza tangi hadi bomba la pampu lijikate lenyewe mara ya kwanza, andika namba ya odometa, tumia gari kwa kazi yake ya kawaida, kisha rudi, ikiwezekana kwenye kituo kilekile na pampu ileile, ujaze tena hadi lijikate. Lita zilizoingia mara hii ya pili ndizo zilizotumika. Odometa ikiwa ilisoma 148,220 mwanzoni na 148,640 mwishoni, gari limekwenda kilomita 420. Likipokea lita 38.2, gawanya 420 kwa 38.2 upate kilomita 11 kwa lita. Ukitaka lita kwa kilomita 100, gawanya 38.2 kwa 420 kisha zidisha kwa 100, upate 9.1. Usipime kwa safari fupi: kosa la lita moja katika kujaza ni chini ya asilimia 3 ukiwa umetumia lita 38, lakini ni asilimia 20 ukiwa umetumia lita 5.

Dalili ya kwanza: Jibu linabadilika kila wiki bila sababu

Wiki hii gari linatoa kilomita 13 kwa lita, wiki ijayo 8, na hakuna kilichobadilika barabarani. Gari lenye ubovu wa kweli kwa kawaida huharibika kuelekea upande mmoja. Jibu linaloruka juu na chini linatoka kwenye daftari.

Sababu inayoongoza ni kununua mafuta kwa shilingi bila kujaza. Dereva anaweka ya 60,000 Jumatatu na ya 40,000 Alhamisi, mwenye gari anagawanya kilomita za wiki kwa lita hizo, na hakuna anayejua tangi lilikuwa na kiasi gani mwanzoni wala mwishoni. Si lazima kujaza kila siku, lakini lazima pawe na kujaza kuwili, kwa mfano tarehe mosi ya mwezi huu na tarehe mosi ya mwezi ujao, na lita zote zilizonunuliwa baada ya kujaza kwa kwanza, pamoja na za kujaza kwa mwisho, zijumlishwe.

Kwa boda boda, ambako kujaza tangi ni jambo la nadra, kuna njia nzuri zaidi. Pikipiki nyingi za kazi hiyo zina swichi ya rizavu. Endesha hadi injini ianze kukosa mafuta, geuza rizavu, andika odometa, nenda moja kwa moja kituoni ununue lita kamili, tuseme tatu, rudisha swichi mahali pake, kisha endesha hadi ikukatikie tena. Umbali kati ya kukatika kuwili, ukigawanywa kwa tatu, ni jibu safi.

Sababu ya pili ni bei. Risiti ya shilingi 100,000 ni lita 20 bei ikiwa 5,000, lakini ni lita 18.5 tu bei ikipanda hadi 5,400. Kwa gari la kilomita 11 kwa lita, tofauti hiyo ni kilomita 16, nao ni umbali wa kutosha kuzua ugomvi ofisini. Daftari la mafuta lirekodi lita, na shilingi ziwe na safu yake pembeni.

Sababu ya tatu huwapata hata makarani wazoefu, nayo ni kutafuta wastani wa wastani. Gari likienda kilomita 100 kwa kiwango cha 10 kwa lita mjini, na kilomita 100 nyingine kwa 20 kwa lita kwenye barabara kuu, wengi huandika wastani wa 15. Mjini lilitumia lita 10 na barabarani lita 5. Jumla ni lita 15 kwa kilomita 200, yaani 13.3. Anayepanga mafuta ya mwezi kwa kutumia 15 atakuwa na upungufu wa zaidi ya asilimia kumi, na ataona kana kwamba mafuta yameibwa. Jumlisha kilomita zote, jumlisha lita zote, ndipo ugawanye mara moja.

Dalili ya pili: Dashibodi, kitabu cha gari na hesabu yako havikubaliani

Angalia kipimo kabla ya kuangalia namba. Magari mengi ya mitumba nchini Uganda yametoka Japani, na ingawa maandishi ya dashibodi huwa ya Kijapani, herufi za kipimo ni km/L, ambapo namba kubwa ndiyo nzuri. Mengine huonyesha L/100km, ambapo namba ndogo ndiyo nzuri. Kuhama kutoka kimoja kwenda kingine, gawanya 100 kwa namba uliyo nayo: kilomita 12.5 kwa lita ni lita 8 kwa kilomita 100, na kilomita 8 kwa lita ni lita 12.5. Gari la 10 husoma 10 kwa vyote viwili, na ndiyo maana kosa hili linaweza kujificha kwa muda mrefu kwa mwenye gari la kiwango hicho.

Gari lililotoka Uingereza huleta maili na galoni. Maili moja ni kilomita 1.609. Galoni ya Uingereza ni lita 4.546, ya Marekani ni lita 3.785, na tovuti nyingi za magari hazisemi zinatumia ipi. Maili 30 kwa galoni ya Marekani ni kilomita 12.75 kwa lita. Maili 30 kwa galoni ya Uingereza ni 10.62 tu. Zidisha kwa 0.425 kwa ile ya Marekani, na kwa 0.354 kwa ile ya Uingereza. Odometa ya maili ina hatari nyingine inayogusa injini yenyewe. Fundi akiagiza oili ibadilishwe kila baada ya 5,000, akimaanisha kilomita, na wewe ukasubiri maili 5,000, oili itakuwa imetembea kilomita 8,047.

Ikiwa vipimo vinalingana na bado kuna tofauti, usishangae kitabu kikikuahidi mengi kuliko unavyopata. Namba za viwandani hupimwa maabara, gari likiwa juu ya rola zinazozunguka, bila foleni ya Clock Tower mjini Kampala na bila abiria. Kompyuta ya dashibodi nayo hukadiria mafuta kwa muda ambao nozeli zinazoipulizia injini mafuta zimefunguka, na makadirio hayo yanaweza kuwa mazuri kuliko hali halisi. Mimi huiamini kwa kulinganisha safari na safari za gari hilohilo, lakini kwa kulipana fedha naamini kujaza kuwili.

Wenye magari mengi wazingatie jambo moja kuhusu kilomita kwa lita. Lori likipanda kutoka 5 hadi 6 linaokoa lita 3.3 kwa kila kilomita 100. Gari dogo likipanda kutoka 15 hadi 16 linaokoa lita 0.4 tu. Hatua inaonekana ni ileile moja, kumbe fedha ziko kwenye lori, na huko ndiko fundi apelekwe kwanza.

Dalili ya tatu: Umbali wa odometa haulingani na barabara

Umekwenda Mbarara kutoka Kampala, safari ya kilomita kama 270, na odometa inakupa 260. Swali la kwanza ni la matairi. Odometa huhesabu mizunguko ya gurudumu ikidhani tairi ni la ukubwa wa kiwandani. Tairi la 195/65R15 lina kipenyo cha milimita 634.5, ukiweka 205/65R15, kipenyo ni milimita 647.5, asilimia 2 zaidi, kwa hiyo kila kilomita 100 za odometa ni kilomita 102 za kweli. Tairi kubwa hulifanya gari lionekane linakula mafuta zaidi kuliko ukweli, na tairi dogo au lililolika huficha ulaji. Soma namba iliyoandikwa ubavuni mwa tairi na uilinganishe na kibandiko kilichopo kwenye fremu ya mlango wa dereva.

Kupima ni rahisi: washa programu ya ramani ya simu inayorekodi umbali, tembea angalau kilomita 50 kwenye barabara kuu iliyonyooka, kisha gawanya umbali wa simu kwa umbali wa odometa. Ukipata 1.02, zidisha kila umbali wa gari hilo kwa 1.02 kuanzia sasa. Tofauti ya asilimia 1 au 2 ni ya kawaida.

Pikipiki ambayo odometa yake haisogei kabisa ina kebo iliyokatika, na kebo mpya haina gharama kubwa. Gari ambalo odometa yake inasoma kilomita chache kuliko inavyodai hali ya pedali, usukani na kiti cha dereva huenda namba zake zilirudishwa nyuma kabla gari halijauzwa. Hesabu ya mafuta kati ya kujaza kuwili haiharibiki kwa hilo, lakini ratiba ya matengenezo haina tena msingi. Usimruhusu mtu yeyote aifungue na kuirekebisha ili isome vizuri.

Dalili ya nne: Pampu imeandika lita nyingi kuliko tangi linavyobeba

Tangi la lita 50 limepokea lita 52, na mteja anapiga kelele kituoni. Mara nyingi kituo hakina kosa. Ujazo unaotajwa kitabuni hauhesabu shingo ya tangi wala nafasi iliyoachwa kwa ajili ya mafuta kutanuka, na mhudumu anayeendelea kubonyeza baada ya bomba kujikata huijaza nafasi hiyo. Vivyo hivyo jerikeni ya lita 20 ikijazwa hadi mdomoni hubeba zaidi ya lita 20, kwa hiyo jerikeni haifai kuwa shahidi dhidi ya pampu, wala ya kumtetea mwenye pampu.

Baada ya hapo kagua mambo ya macho tu. Je, pampu ilianza kwenye sifuri, au iliendelea na mauzo ya mteja aliyetangulia? Je, bei kwenye kioo cha pampu ni ile iliyo kwenye ubao wa barabarani? Gawanya shilingi kwa bei: 50,000 kwa bei ya 5,100 ni lita 9.80, na kioo lazima kikubali.

Joto lina sehemu yake, ingawa ndogo. Petroli hutanuka kwa takriban asilimia 1 kila joto likipanda nyuzi 10 za Selsiasi, na dizeli pungufu kidogo ya hapo. Mafuta ya lita 20 yaliyonunuliwa mchana wa joto yatapungua kwa desilita mbili hivi yakipoa kwa nyuzi 10 usiku, bila mtu kuyagusa.

Ukibaki na shaka, omba pampu ipimwe mbele yako kwa chombo cha lita 20 kilichothibitishwa. Kiwango cha kimataifa cha pampu za mafuta kinaruhusu kosa la nusu ya asilimia moja, yaani mililita 100 kwa lita 20. Zaidi ya hapo una hoja. Andika namba ya pampu, tarehe, saa na lita, tunza risiti, na upeleke malalamiko kwa Shirika la Viwango la Uganda, UNBS, ambalo ndilo hukagua pampu na kuzifunga kwa lakiri. Ishia hapo. Lakiri ya pampu haiguswi na mteja, mhudumu wala fundi wa mtaani.

Dalili ya tano: Dizeli ya akiba inapungua ghafla tangini

Dalili hii imewatia walinzi wengi matatani. Hospitali, shule au kiwanda kina tangi la jenereta lililolazwa, lenye umbo la pipa. Karani anatumbukiza kijiti, anaona nusu, wiki ijayo anaona robo, na anahesabu kwamba robo ya tangi imetumika. Hesabu hiyo ingekuwa sahihi kama tangi lingekuwa na kuta zilizosimama wima.

Chukua tangi la lita 1,000 lenye kipenyo cha sentimita 100 na ncha bapa. Kijiti kikisoma sentimita 50 kuna lita 500, hilo ni kweli. Kikisoma 25 kuna lita 195 au 196, wala si 250. Kikisoma 10 kuna lita 52 tu, na kikisoma 75 kuna lita 804. Kwa hiyo kushuka kutoka sentimita 50 hadi 25 ni matumizi ya lita 304, na karani anayetarajia 250 ataandika kwamba lita 54 zimepotea. Hazikupotea popote, pipa lililolala ni pana katikati na jembamba chini.

Dawa yake ni jedwali la kijiti. Kama mtengenezaji hakulitoa, litengeneze tangi likiwa tupu kabisa: mimina dizeli kwa kiasi kilichopimwa, lita 50 kwa 50, ukiweka alama kwenye kijiti kila mara, naye shahidi mmoja akiandika. Kabla ya kusoma hakikisha pia kwamba tangi liko sawa, kwa kuwa likiinama kuelekea upande mmoja kijiti husoma vibaya kila siku kwa namna ileile. Pipa lililosimama halina tatizo hili.

Kisha linganisha na kazi ya jenereta. Kwa makadirio, jenereta ya dizeli yenye mzigo wa kutosha hutumia lita 0.3 hadi 0.4 kwa kila uniti ya umeme, na yenye mzigo mdogo hutumia zaidi kwa kila uniti. Mita ya saa na mita ya uniti zisomwe siku ileile ya kijiti. Ukiona unyevu chini ya tangi, udongo wenye harufu au kushuka kwa kijiti siku ambazo jenereta haikuwaka, acha hesabu na uite fundi wa matangi siku hiyohiyo. Dizeli inayoingia ardhini hufika kwenye visima.

Dalili ya sita: Lita na kilo hazikutani

Petroli ina uzito wa takriban kilo 0.75 kwa lita, na dizeli takriban 0.84. Lori la kubebea mafuta lenye lita 30,000 lina karibu tani 22.5 likiwa na petroli, lakini zaidi ya tani 25 likiwa na dizeli, na anayepanga mzigo kwa lita pekee atajua tofauti hiyo akifika kwenye mizani.

Tarehe 23 Julai 1983, ndege ya Air Canada aina ya Boeing 767 ilizimika injini zote mbili ikiwa angani Kanada. Geji zake za mafuta zilikuwa mbovu, na waliohesabu walizidisha lita kwa 1.77, ambayo ni pauni kwa lita, wakidhani wanapata kilo. Walipaswa kutumia takriban 0.8. Ndege iliondoka na chini ya nusu ya mafuta yaliyohitajika. Marubani waliishusha bila injini kwenye uwanja wa zamani wa Gimli, na hakuna aliyekufa. Kila mmoja aliyekagua hesabu ile alikagua kuzidisha na kujumlisha, na kipimo kikapita. Andika kipimo pembeni ya kila namba, katika kila mstari.

Dalili ya saba: Hesabu ni safi, vipimo ni sahihi, na bado mafuta yanaisha

Sasa ni zamu ya gari. Anza na upepo wa matairi, asubuhi yakiwa ya baridi. Kisha uliza kama kazi imebadilika: foleni ya Jinja Road hula mafuta gari likiwa limesimama, milima ya Kabale haifanani na tambarare ya Gulu, na keria iliyojaa mizigo juu ya paa huvuta upepo. Kwa wanaotembea kwenye barabara za vumbi, ea klina, yaani kichujio cha hewa ya injini, hufuata. Ifungue uitazame, kwa sababu ya hapa huziba mapema kuliko ratiba ya kitabu.

Baada ya safari bila kufunga breki sana, sogeza kiganja karibu na kila ringi bila kuigusa. Ringi moja yenye joto kuliko nyingine ina breki inayoshika. Gari la namna hiyo lisiendelee na safari. Lifikie fundi kwanza. Yanayobaki ni plagi zilizochoka, thamostati iliyoganda wazi ikiiacha injini baridi wakati wote, sensa ya oksijeni na nozeli, na haya yanahitaji fundi mwenye mashine ya kusoma kompyuta ya gari. Moshi mweusi au taa ya injini inayowaka ni sababu ya kwenda kwake bila kusubiri kujaza kwa pili.

Harufu ya petroli ndani ya gari au tone chini yake ni jambo la kusimama papo hapo. Zima injini, shusha abiria, usiwashe chochote, wala usijaribu kuziba kwa sabuni ili ufike. Pia mtu asinyonye mafuta kwa mdomo kupitia mpira ili kupima tangi: petroli ikiingia mapafuni inaua, na aliyeimeza asitapishwe bali apelekwe hospitali.

Kama hata hapo upungufu umebaki, panga safari ya majaribio kabla ya kumshtaki mtu. Mwenye gari apande pamoja na dereva, kwenye njia ya kila siku, na mzigo wa kila siku, kwa kujaza kuwili kulikoelezwa mwanzoni, na dereva aambiwe wazi kinachopimwa. Safari hiyo ikitoa 10 kwa lita na majuma yaliyopita yalitoa 9.5, hakuna kesi. Ikitoa 10 na majuma yote yalitoa 7, rudia kwa siku nyingine kabla ya kusema lolote, kisha muulize dereva kwa heshima, risiti zote zikiwa mezani, kwa kuwa huenda anajua njia ya mchepuko au saa za foleni ambazo daftari halikuziandika.